Jioni mbili za halingi katika banda la Mwanga, Kigoma

Katika mtaa mmoja wa Mwanga, hatua chache kutoka sokoni, lipo banda la kuonyeshea mpira ambalo wapenzi wengi wa Simba na Yanga wa mji huu wa Kigoma wanalifahamu, ingawa halina kibao wala jina lolote zaidi ya lile la mwenyewe. Mwishoni mwa wiki iliyopita banda hilo liliweka kando ligi za Ulaya na kuonyesha, kwa kiingilio cha shilingi 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto, fainali mbili zilizorekodiwa za mchezo wa halingi kutoka Ayalandi. Jumamosi ilikuwa zamu ya fainali ya jimbo la Munster ya mwaka 1995, ambapo kaunti ya Clare ilitwaa ubingwa ambao ilikuwa haijauonja tangu 1932, na Jumapili ikafuata fainali ya jimbo la Leinster ya mwaka 2019, ambapo kaunti ya Wexford ilimaliza ukame wa miaka 15. Nilihudhuria zote mbili, nikalipa kiingilio changu kama wengine, na nikatoka nikiwa na hakika kwamba ile shilingi 2,000 sikuitupa. Hata hivyo yapo mambo ya kurekebisha, nami nitayasema bila kuyazungusha.

Nianze na tangazo, kwa kuwa ndilo lililonivuta na ndilo pia lililonikwaza. Karatasi iliyobandikwa mlangoni iliandikwa kwa kalamu nene, "Mpira wa magongo wa Ayalandi, fainali kali". Kwa msomaji wa Kiswahili, mpira wa magongo ni ule mchezo ambao mchezaji huinama na kuusukuma mpira ukiwa chini, na akiuinua ovyo anapigiwa filimbi. Halingi ni kitu kingine kabisa, kwani mpira huchotwa kwa fimbo, hudakwa kwa mkono, hurushwa juu kidogo na kupigwa ukiwa hewani, na mchezaji anaweza hata kukimbia nao ukiwa umetulia juu ya ncha ya fimbo yake. Watu wawili waliokuwa wameketi mbele yangu walikuja wakitarajia magongo ya kawaida, na kwa dakika kumi za kwanza walikuwa wakinong'onezana kuwa mwamuzi amelala, kwa sababu kila mara fimbo ilipopita juu ya bega walidhani ni faulo. Mwenye banda angeliandika jina la mchezo kama lilivyo na kuyaacha maelezo yafanye kazi yake, kwani maelezo hayo ndiyo nguvu kubwa ya banda lake.

Kabla projekta haijawashwa, mwalimu mmoja mstaafu wa michezo, ambaye vijana wote pale humwita Mwalimu na kumwamkia shikamoo kabla hajaketi, alisimama mbele ya kitambaa cheupe akiwa na fimbo ya halingi mkononi. Ilikuwa inamfika nyongani ikisimamishwa chini, imepanuka mwishoni kama kasia dogo la mtumbwi, na kuzunguka sehemu hiyo pana kulikuwa na ukanda mwembamba wa bati uliopigiliwa kwa misumari midogo. Mwenye banda aliachiwa fimbo hiyo, pamoja na rekodi za mechi, na fundi wa visima kutoka Wexford aliyewahi kupanga nyumba ya jirani. Fimbo ilipitishwa benchi kwa benchi hadi ikamaliza banda zima, na mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi akaishika kwa muda mrefu kuliko wote, akaifuata mistari ya ubao kwa kidole gumba hadi pale inapopinda, kisha akasema kwamba aliyeichonga hakuupinda mti, bali aliufuata ulivyojipinda wenyewe. Alikuwa sahihi. Fimbo hizo huchongwa kutoka sehemu ya chini kabisa ya shina la mti uitwao ash, pale shina linapoanza kuachana kuelekea kwenye mizizi, ili mistari ya mti ifuate mkunjo wa fimbo na isikatike kwa pigo la kwanza. Mwalimu alieleza kwamba miti hiyo sasa inashambuliwa na ugonjwa wa kuvu unaoikausha kuanzia kwenye matawi, kiasi kwamba mafundi wamelazimika kujaribu mianzi na plastiki. Mzee yule aliposikia hivyo alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za msiba wa jirani, maana hata huku ziwani miti ya kuchongea mitumbwi haipatikani tena kama zamani.

Baada ya fimbo ikaja zamu ya ubao. Mwenye banda ameazima ubao mweusi wa darasani, akauegemeza kando ya kitambaa, na kijana mmoja akakaa chini yake akiwa na chaki. Mwalimu alieleza kwa utaratibu kwamba kila timu ina wachezaji 15, kwamba mechi za ngazi hii huchezwa kwa dakika 70, na kwamba uwanja unaweza kufika urefu wa mita 145, mkubwa kuliko ule wetu wa Lake Tanganyika. Nguzo za lango zina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mwamba ukaingia wavuni ni goli, lenye thamani ya pointi 3, na mwamuzi aliyesimama golini hupeperusha bendera ya kijani, lakini ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi 1, na bendera inayopepea ni nyeupe. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 1-17, maana yake goli moja na pointi 17, ambazo jumla yake ni 20. Kazi ya yule kijana ilikuwa kuandika magoli katika safu ya kwanza, pointi katika ya pili na jumla katika ya tatu, na hakukosea hata mara moja katika jioni zote mbili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu bila ubao ule nusu ya waliohudhuria wangepotea njia kabla ya mapumziko. Nimewahi kuketi katika mabanda yenye skrini kubwa na viti vya kuegemea ambako hakuna aliyejisumbua kumweleza mtazamaji hata kile kinachogombewa.

Jambo lililonyamazisha banda lilikuwa kusikia kwamba wachezaji hawa hawalipwi mshahara. Kila mmoja huichezea kaunti ya kwao, na Jumatatu anarudi kazini kama kawaida, awe amefunga au amefungwa. Mtu aliyezaliwa Clare hawezi kununuliwa na kaunti tajiri akaondoke kufuata makombe, kwa hiyo kaunti ikikosa ubingwa kwa miaka sitini, ni watu wale wale, na baadaye watoto wao, na wajukuu wao, ndio wanaoukosa. Mwalimu alilieleza hili polepole, akarudia, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu mtu asipolielewa hawezi kuelewa kwa nini watu wazima walilia mwaka 1995 kwa ajili ya kombe la jimbo tu.

Hapo ndipo akaingia kwenye historia ya Clare, na sikuwahi kuona banda la mpira likiwa kimya namna ile. Clare, alisema, ilikuwa imeutwaa ubingwa wa Ayalandi nzima mara moja tu, mwaka 1914, ambao ni mwaka ule ule Reli ya Kati ilipofika hapa Kigoma. Ubingwa wa jimbo lao la Munster waliushika mara ya mwisho mwaka 1932. Tangu hapo kizazi kimoja kilizeeka kikifika uwanjani na kurudi mikono mitupu, na kingine kikazaliwa na kuzeeka vivyo hivyo. Mwaka 1993 walifika fainali ya Munster wakapigwa na Tipperary kwa 3-27 dhidi ya 2-12, tofauti ya pointi 18. Mwaka 1994 walifika tena, safari hii wakapigwa na Limerick kwa 0-25 dhidi ya 2-10, tofauti ya pointi 9. Yule kijana wa chaki aliandika matokeo hayo mawili juu kabisa ya ubao, na Mwalimu akamwambia asiyafute. Yalibaki pale jioni nzima, na kila tulipotazama jumla ya pointi tuliyaona.

Mwalimu akaeleza pia habari ya nuksi. Watu wa Clare walikuwa wakisimulia kwamba timu yao imelaaniwa na mganga wa mitishamba aitwaye Biddy Early, mwanamke aliyeishi katika kaunti hiyo na kusifika kwa tiba na ubashiri. Banda liliposikia neno mganga likachangamka, na sauti mbili tatu zikauliza kama walimpelekea kuku au mbuzi. Mwalimu hakucheka. Aliwaambia kwamba Biddy Early alifariki mwaka 1874, ilhali chama kinachosimamia mchezo huu kiliundwa mwaka 1884, katika mji wa Thurles, miaka kumi baada ya mama huyo kuzikwa, na kwamba Clare ilitwaa makombe ya 1914 na 1932 wakati ambapo laana hiyo, kama ingekuwepo, ingekuwa inafanya kazi. Mama wa watu alisingiziwa. Sisi wa Kigoma, na hasa ndugu zetu wa Ujiji, tunajua maana ya kusingiziwa mambo ya namna hiyo kila timu ya mgeni inapopoteza mechi hapa, na nilifurahi kuona kwamba suala hilo lilielezwa kwa heshima na kwa tarehe, bila dhihaka kwa watu wa Ayalandi wala kwa wetu.

Sasa niseme kuhusu picha yenyewe. Rekodi ya 1995 ni ya zamani na rangi zake zimefifia, manjano ya Clare imekaribia kuwa nyeupe, na mpira, ambao si mkubwa kuliko ngumi ya mtoto na uzito wake ni gramu 110 hivi, unapotea machoni mara tu unapopigwa. Hili si kosa la banda, lakini namna banda lilivyolishughulikia inastahili kutajwa. Mwalimu alikuwa na ufito mrefu, naye alisimama pembeni akionyesha kwa ufito huo mahali mpira ulipo na unakoelekea, akitangaza kwa Kiswahili fasaha bila kupiga kelele: "Umechotwa, umepigwa, unakwenda juu, bendera nyeupe." Baada ya robo saa jicho linazoea, linaacha kuufuata mpira na kuanza kufuata vichwa vya wachezaji, kisha mtu anajikuta anajua mpira uko wapi kabla ufito haujafika. Vijana walishangaa pia kuona wachezaji wengi wakicheza vichwa wazi katikati ya fimbo zinazopita kwa kasi ile. Kofia ngumu zilikuja kuwa lazima kwa wote mwaka 2010.

Kabla ya mechi Mwalimu alikuwa ametusimulia kisa cha nusu fainali, ambacho hakikuwemo katika rekodi. Clare walikuwa wakicheza na Cork, na beki wao Seánie McMahon alivunjika mtulinga wakati wachezaji wote wa akiba wamekwisha kuingia. Hakutoka. Alipelekwa mbele kabisa kwenye kona ili angalau beki mmoja wa Cork abaki naye, na akiwa huko, mkono mmoja haufanyi kazi, akamlazimisha mpinzani kuutoa mpira nje, na kutokana na mpira ule wa pembeni likapatikana goli la Ollie Baker lililowavusha hadi fainali. Kisa hicho kilifanya kazi yake, kwani fainali ilipoanza hapakuwa na mtu banda zima aliyekuwa upande wa Limerick.

Fainali yenyewe ilichezwa Thurles, mji ule ule chama kilikozaliwa. Karibu na mapumziko Clare wakapata penalti. Sisi katika Kiswahili tumezoea kusema mkwaju wa penalti, ingawa katika soka anayepiga anatumia mguu mtupu, lakini hapa tuliuona mkwaju wenyewe, fimbo halisi, na aliyeitwa kuupiga alikuwa mlinda mlango, Davy Fitzgerald. Alitoka golini kwake akavuka uwanja karibu wote, mtu mfupi mwenye haraka, akafika mbele ya lango la Limerick ambamo, kwa kanuni za wakati ule, walikuwa wamesimama watu watatu mstarini. Mwalimu aliisimamisha picha hapo ili tuwahesabu. Kisha akaiachia, mpira ukachotwa, ukapigwa, wavu ukatikisika, na kabla sijamaliza kuvuta pumzi Fitzgerald alikuwa ameshageuka na kukimbia kurudi golini kwake kwa kasi kubwa kuliko aliyokujia, hakusubiri kukumbatiwa wala kupongezwa, kama mama aliyekumbuka katikati ya sherehe kwamba ameacha sufuria motoni. Yule mzee wa Kibirizi aliomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena, na safari hii hakuomba penalti, aliomba ile mbio ya kurudi. Tuliitazama mara tatu.

 Clare walishinda 1-17 kwa 0-11, na kijana wa chaki akaandika 20 na 11 chini ya yale matokeo mawili ya mwaka 1993 na 1994. Hatimaye uwanja ulifurika watu, wazee wakitembea kwenye majani kana kwamba wanatafuta kitu walichokidondosha. Hapo Mwalimu hakutangaza chochote. Aliuweka ufito chini akatuacha tutazame, na kwa maoni yangu uamuzi huo mdogo ulikuwa sehemu bora ya huduma ya jioni ile. Baadaye tu ndipo akatuambia kwamba mwezi Septemba mwaka huo huo Clare waliifunga Offaly 1-13 kwa 2-8, wakawa mabingwa wa Ayalandi nzima kwa mara ya kwanza tangu ule mwaka wa reli.

Kuhusu mambo mengine nitakuwa mfupi. Mabenchi hayana egemeo na yamebanana. Spika ya kushoto inakoroma, hivyo ni busara kukaa upande wa dirisha. Nje yupo mama anayeuza mihogo ya kukaanga na migebuka iliyobanikwa, ambayo ni mizuri na bei yake ni ya kawaida ya Mwanga, pia kahawa iko ya kutosha. Choo ni kimoja kwa wanawake na wanaume, na kwa kuwa Jumamosi nilihesabu wanawake tisa ndani ya banda, jambo ambalo katika mechi za ligi sijawahi kuliona, namwomba mwenye banda alichukulie suala hili kwa uzito.

Jioni ya pili ilikuwa na watu wengi zaidi, kwa sababu habari za mlinda mlango yule zilikuwa zimeshasambaa hadi Ujiji. Picha ya 2019 ni safi, zambarau na dhahabu ya Wexford inaonekana vizuri dhidi ya nyeusi na njano ya Kilkenny, na ufito haukuhitajika tena. Mwalimu alianza kwa kutukumbusha tarehe, Juni 30, 2019. Wengi wetu tulikuwa na jambo letu siku hiyo, tukingojea Taifa Stars wacheze na Algeria kesho yake huko Cairo, katika fainali za Mataifa ya Afrika ambazo tulikuwa hatujazigusa tangu 1980. Miaka 39 ya kungoja. Kila mtu mzima mle ndani alikumbuka alikuwa wapi mwezi Machi mwaka ule Stars walipoifunga Uganda 3-0. Mwalimu alitaja kwamba kaunti ya Waterford nayo ilingoja miaka 39 kamili, kuanzia 1963 hadi 2002, kuupata tena ubingwa wa Munster, na hapo naamini wengi waliacha kuuona mchezo huu kuwa wa watu wa mbali. Stars tulifungwa mechi zote tatu huko Misri, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Kigoma akijuta kwamba tulikwenda.

Kisha akatoa siri aliyokuwa ameihifadhi tangu Jumamosi. Kocha wa Wexford katika mechi tuliyokuwa tunakwenda kuitazama alikuwa Davy Fitzgerald, yule yule wa mbio. Banda lilipiga makofi kabla picha haijaanza. Wexford walikuwa hawajatwaa ubingwa wa Leinster tangu 2004, na walifika fainali bila kufungwa, ingawa kwa sare tatu na ushindi mmoja. Walichezesha mpira wa subira, wakipasiana kwa mikono na kuutoa nyuma polepole. Mechi ilikwenda bega kwa bega, pointi kwa pointi, hadi kijana wa chaki akaomba msaidizi.

Katikati ya kipindi cha pili umeme ukakatika. Jenereta la banda lilichukua dakika kumi na mbili kuwaka, kwa sababu petroli ilikuwa imebaki nyumbani kwa mwenyewe na ilibidi mtoto atumwe kwa baiskeli. Kwa banda linalotoza kiingilio hii ni kasoro kubwa, na ingekuwa mechi ya moja kwa moja tungekosa sehemu ambayo haiwezi kurudi. Lakini kubwa zaidi ni lililotokea gizani. Kijana mmoja alifungua simu yake, akatafuta matokeo, akayasoma kwa sauti. Wazee walimkemea, naye mwenye banda akamwita mlangoni, akamrudishia shilingi 1,000 yake mkononi na kumwomba kwa adabu aende nyumbani. Wapo waliosema ni ukali uliopita kiasi. Mimi nasema alifanya sawasawa, kwa kuwa kilichouzwa pale jioni ile kilikuwa kungoja kwenyewe, na aliyekichukua aliwanyang'anya watu themanini kwa mkupuo. Ningependa tu kwamba sharti hilo la simu litangazwe wazi mlangoni kabla watu hawajalipa.

Umeme wa jenereta ulipowaka, Mwalimu alirudisha picha nyuma dakika mbili. Kumbe tulikuwa tumekaribia. Wexford wakapewa penalti, na kutoka upande wa pili wa uwanja akaja akikimbia mlinda mlango wao, Mark Fanning. Hakuna aliyetangaza wala aliyehitaji kutangaziwa. Mtoto mmoja aliyekuwa kwenye mapaja ya baba yake aliuliza mbona safari hii golini amesimama mtu mmoja badala ya watatu, na Mwalimu akamjibu kwa sauti ya chini kwamba kanuni ilibadilishwa mwaka 2015, sasa ni mpigaji na mlinda mlango peke yao. Fanning akaupiga, ukaingia. Akageuka akakimbia kurudi kwake, na yule mzee wa Kibirizi akasimama wima kwenye benchi akisema, "Rudi baba, rudi, rudi," hadi mtu yule akafika golini. Wexford walishinda 1-23 kwa 0-23. Goli lile moja ndilo lililokuwa tofauti nzima, na kijana wa chaki hakuhitaji kueleza hesabu yake kwa mtu yeyote.

Kwamba baadaye Wexford walitolewa na Tipperary katika nusu fainali ya Ayalandi nzima, Mwalimu alitueleza wakati watu wanavaa viatu, na nilipenda kwamba hakutuficha. Nilipenda pia kwamba alimtaja Anthony Daly, nahodha wa Clare mwaka 1995, ambaye mwaka 2013 alikuwa kocha wa Dublin walipotwaa Leinster kwa mara ya kwanza tangu 1961, kisha akakatisha hapo kwa sababu hiyo ni mechi ya siku nyingine.

Mwenye banda ameniambia kwamba ataonyesha fainali hiyo ya Dublin na ile ya Waterford ya 2002 mwezi ujao, Jumamosi mbili zinazofuatana, na kwamba kiingilio hakitapanda. Nimemwomba ajaze petroli mapema, abadilishe neno magongo kwenye tangazo, atenge choo cha wanawake, na asimwachie mtu mwingine ufito. Amekubali matatu ya kwanza papo hapo. Kuhusu la nne alisema nimwulize Mwalimu mwenyewe, nikamwuliza, naye akajibu kwamba ameshaanza kusoma habari za Waterford. Milango itafunguliwa saa kumi jioni. Anayetaka nafasi upande wa dirisha, mbali na ile spika, afike saa tisa na nusu.